Mama Margwe na Mlango wa Kumbu

Tarehe 31 Desemba 2025 Bi. Hilaria Margwe anastaafu baada ya kulitumikia Shirika la Malisho Bora kwa miaka thelathini na mitano na miezi tisa. Aliajiriwa tarehe 1 Aprili 1990 kama msaidizi wa mifugo wa Kata ya Maretadu. Anaondoka akiwa Mkuu wa Kitengo cha Kumbukumbu. Hapa ofisini hakuna anayemwita Bi. Hilaria. Ni Mama Margwe, kuanzia kwa mlinzi wa getini hadi kwa mwenyekiti wa bodi.

Alizaliwa Nambis mwaka 1965, katika familia ya wakulima wa mahindi na maharage wenye ng'ombe wachache. Baada ya sekondari alisomea cheti cha afya ya mifugo, akarudi nyumbani na stethoskopu moja na daftari la jalada gumu. Miaka yake ya kwanza kazini alitembea kwa miguu, kisha kwa baiskeli, na kuanzia mwaka 1998 kwa pikipiki ya shirika, ambayo aliiendesha kwa heshima kiasi kwamba mafundi wa Dongobesh walilalamika haiwapi kazi.

Wazo la kazi kubwa ya maisha yake lilimjia kwa hasara. Mvua za mwaka 1996 zilimkuta akivuka kijito akitoka Maretadu, maji yakaubeba mkoba wake. Humo mlikuwa na daftari la chanjo la msimu mzima, kaya zaidi ya mia tatu. Alirudi kaya kwa kaya kuuliza upya. Kuna waliokumbuka, kuna waliokisia, na mzee mmoja alimwambia, "Wewe ndiye uliyeandika, binti yangu. Mimi nilisahau makusudi, kwa sababu uliandika." Tangu hapo alinakili kila kitu mara mbili kila Ijumaa, na akaanza kuulizia namna bora zaidi.

Namna hiyo ilichelewa kufika. Kompyuta ya kwanza ya shirika iliingia ofisini Mbulu mwaka 2003, na Mama Margwe akajifunza kuitumia saa za chakula cha mchana. Mwaka 2010, akiwa na miaka arobaini na mitano, aliomba likizo bila malipo akaenda Arusha kusoma kozi ya miezi sita ya kutengeneza programu. Kwa wiki mbili za mwanzo wanafunzi wenzake walisimama kila alipoingia darasani na kumwamkia shikamoo, wakidhani ni mwalimu. Mwenyewe anasema hakuwasahihisha, kwa sababu walikuwa wakimpisha kiti cha mbele.

Mwaka 2014 ilizaliwa Kumbu. Kwa wageni watakaosoma ukurasa huu siku ya sherehe, Kumbu ni daftari la kwenye simu. Afisa akiwa bomani kwa mtu anaandika, anapiga picha au anarekodi sauti yake, hata pasipo na mtandao. Akifika penye mtandao, maandishi yanajipeleka yenyewe ofisini. Mimi niliajiriwa mwaka mmoja kabla, nikawa msaidizi wake, na kwa miaka mitano Kitengo cha Kumbukumbu kilikuwa sisi wawili na birika la chai.

Ninachotaka vijana wa fani hii wakijue ni jinsi alivyoitengeneza. Siku moja alimfunga ndama kamba nyuma ya ofisi. Kila aliyepita alipewa kamba mkono wa kushoto na simu mkono wa kulia, na agizo moja: "Niandikie ndama huyu anaumwa nini." Mkurugenzi wetu, Mzee Wolfgang Amsi, alivutwa na ndama hadi kwenye bustani ya maharage ya mlinzi. Simu hakuiachia, ila kwenye kioo palikuwa na herufi moja tu, k. Mama Margwe hakumuuliza kama ameumia. Aliitazama ile herufi akasema, "Vitufe ni vidogo," akaandika. Ndiyo maana mpaka leo Kumbu yote inatumika kwa kidole gumba cha mkono mmoja. Afisa wa mifugo hana mikono miwili, mmoja una kamba.

Maneno nayo aliyapima hivyo hivyo. Kitufe cha kuweka maandishi tulikiita Hifadhi, Kiswahili safi kabisa. Lameck, afisa wetu wa Getanuwas, aliuliza kwa dhati kama kinahusu hifadhi ya wanyama. Wenzake wawili walikuwa na wasiwasi huohuo. Kikaitwa Tunza. Na baada ya Benedikta wa Maretadu kufuta kazi ya wiki nzima kwa kidole kilicholowa maji ya josho, kitufe cha Futa kilihamishwa mbali, kikafundishwa kuuliza mara mbili, na kinachofutwa kikawa kinasubiri siku thelathini kabla ya kupotea kweli.

Kufikia mwaka 2019 Kumbu ilikuwa inatumika na maafisa sitini na wawili wa Mbulu na Hanang. Sifa yake ilituletea maombi. Wafuga nyuki walitaka sehemu ya mizinga. Wauguzi walitaka sehemu ya watoto. Mwalimu Xavery wa Dongobesh alitaka maandishi yasomwe kwa sauti kwa Kiiraqw, ili mama yake asiyejua kusoma asikie alichoandikiwa kuhusu ng'ombe wake mwenyewe. Maombi yalibandikwa ukutani. Yalipofika arobaini na moja, Mama Margwe aliyahesabu, akanigeukia.

"Tito, mimi nimebakiza miaka sita. Haya hatuyamalizi kwa mikono yetu. Tufungue mlango, wenyewe waje watengeneze."

Alimaanisha hivi: Kumbu iwekewe mahali maalumu ambapo programu zilizotengenezwa na watu wa nje zinaweza kuiomba maandishi, nayo ikazipa. Anayejua kutengeneza programu, awe Katesh au Dodoma, atengeneze nyongeza yake juu ya Kumbu bila kuajiriwa nasi.

Nilipinga. Naandika hivi kwa sababu wapo wanaodhani siku zote nilikuwa upande wake. Kwenye kikao cha bodi nilisema watu wa nje wataharibu, na mjumbe mmoja akaniunga mkono akimuuliza, "Mama, unataka kufungua zizi halafu ulale?" Mama Margwe alijibu kwamba hatalala, na kwamba kila nyongeza ataisoma yeye mwenyewe kabla haijaruhusiwa. Bodi ikakubali kwa tofauti ya kura moja. Akakaa miezi mitatu akiandika maelezo ya watengeneza programu, kurasa thelathini na nane, kwa Kiswahili kwanza. Nilimwambia wasomi wa kompyuta husoma Kiingereza. Akasema, "Wasome hicho kingine baadaye. Hiki ni cha anayetoka hapa."

Aliyetoka hapa alikuwa Samira Abdulrahim, binti wa mwenye duka la pembejeo na dawa za mifugo Katesh, aliyekuwa amemaliza stashahada ya kompyuta na kurudi kumsaidia baba yake dukani. Alisoma zile kurasa zote thelathini na nane, akatuma na orodha ya makosa manne ya chapa. Nyongeza yake ilionyesha kwenye ramani wapi kuna ng'ombe wagonjwa na wanaumwa nini, ili maduka yajue dawa ipi ipelekwe wapi. Mama Margwe aliisoma mstari kwa mstari, akaisifu, akairuhusu. Ilikuwa Februari 2020.

Machi, siku ya mnada wa Katesh, Mzee Gidamis wa Getanuwas alipeleka madume manne. Walikuwa wazima, wamenona. Wanunuzi walikuja, wakatazama simu zao, wakaondoka. Saa nane mchana alimshika mmoja mkono akamuuliza kulikoni.

"Mzee, boma lako lina ndigana. Tumesoma."

Mtamba wake mmoja alikuwa ameugua ndigana, ugonjwa uletwao na kupe, wiki tatu kabla, akatibiwa, akapona. Habari hiyo Mzee Gidamis alimpa mtu mmoja tu, Lameck. Lameck aliitunza kwenye Kumbu, kama kazi yake inavyomtaka. Kumbu iliipa nyongeza ya Samira pamoja na jina la mwenye boma. Samira aliituma ramani kwenye kundi la wenye maduka la WhatsApp, na kutoka hapo ikasafiri. Mzee Gidamis aliyarudisha madume yake nyumbani kwa miguu, yote manne. Lameck alipofika kesho yake aliambiwa asivuke mlango wa boma.

Katika wiki mbili kaya kumi na tisa za Hanang zilikataa kuandikwa. Anayekataa kuandikwa anakataa pia kusema ng'ombe wake anaumwa nini, na ng'ombe watano walikufa kwa ugonjwa ambao dawa yake ilikuwa kwenye begi la Lameck. Miaka thelathini ya watu kutufungulia maboma yao ilikuwa inaondoka mbele ya macho yetu.

Mama Margwe aliufunga mlango wa Kumbu kwa mkono wake, siku ileile tuliyojua. Kisha akaiandikia bodi barua ya ukurasa mmoja kwamba kosa ni la muundo wa Kumbu, na muundo huo ni wake. Jina la Samira halikuwemo. Mimi nilitumwa Getanuwas kutuliza watu, nikawaambia kila kitu kimeshafutwa. Nilijua si kweli kabisa. Niliona ndilo neno la kutuliza.

Samira alipanda basi akaja Mbulu bila kuitwa. Nilikuwepo alipoingia, macho yamevimba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Mama, mimi ndiye niliyewaharibia wale wazee. Nimefuta kila kitu, na kompyuta nitaiacha, nitakaa dukani na baba."

Mama Margwe alimmiminia chai kwanza. Halafu akasema, "Ulichoomba ulipewa. Aliyekupa ni mimi, tena niliisoma nikakusifu. Ukiacha wewe, inabidi na mimi niache, na mimi bado nina miaka mitano. Kunywa chai. Jumatatu tunakwenda Getanuwas."

Nilikuwa dereva wa safari hiyo. Nilibaki karibu na gari kwa aibu, lakini maneno niliyasikia yote. Mzee Gidamis aliwasimamisha Mama Margwe na Samira nje ya boma mpaka alipomaliza kunywesha ndama. Wote wawili walimwamkia shikamoo. Aliitikia, maana salamu hainyimwi mtu, ila hakuwakaribisha kukaa.

"Nani kati yenu mwenye hiyo simu?"

"Daftari lililo kwenye simu nimelitengeneza mimi, baba," akasema Mama Margwe. "Huyu binti alitengeneza ramani."

"Maneno yale nilimpa Lameck. Sikuyapeleka mnadani."

"Ni kweli, baba."

"Basi yarudishe."

Mama Margwe akamjibu, "Siwezi. Yameshaingia kwenye simu za watu, sizijui zote. Ninachoweza ni kuzuia mengine yasitoke. Hayo yaliyotoka, siwezi kukudanganya."

Mzee aligeuka akanitazama kule kwenye gari. "Yule wa juzi alisema yamefutika." Sikupata pa kuweka uso. Kisha akawaambia wakae.

Walizungumza muda mrefu, Lameck, ambaye mzee aliruhusu aitwe, akisaidia pale Kiswahili kilipokwama. Samira aliomba radhi kwa maneno yake mwenyewe, na mzee alimsikiliza bila kumkatisha. Mwishoni ndipo Mzee Gidamis aliuliza swali lililoibadilisha Kumbu.

"Mwenye dawa anataka kujua ugonjwa uko Getanuwas. Sawa, ajue. Jina langu analitakia nini?"

Mama Margwe aliliandika swali hilo kwenye karatasi garini, tukiwa tunarudi, na Samira akaanza kuchora chini yake.

Kazi ya kuijenga upya ilichukua miezi kumi na minne, wao wawili wakiwa mbele na mimi nikikagua. Tangu hapo jina la mwenye mifugo linabaki kwa afisa aliyeambiwa. Nyongeza ya nje inapata ugonjwa, kata na wiki, basi. Ikitaka zaidi, lazima afisa amuulize mwenyewe, na mwenyewe akisema hapana leo au akibadili mawazo mwakani, Kumbu inatii. Mama Margwe alizunguka kata zote zilizotukataa, akieleza utaratibu huo kabla hata haujakamilika, na akisikia mtu anakataa anamshukuru na kuondoka. Mlango ulifunguliwa tena Juni 2021. Kaya kumi na nane zilirudi mwaka huohuo. Ya Mzee Gidamis ilirudi ya mwisho, Oktoba 2022, na mpaka leo jina lake hajaruhusu litoke kwenye Kumbu hata mara moja; humu limo kwa sababu nilimwomba, akakubali.

Faida ya uvumilivu huo tuliiona mwaka uliofuata. Benedikta aliandika kutoka Maretadu kwamba mbuzi watatu wanatokwa machozi na wana vidonda mdomoni. Wiki hiyohiyo mwenzake wa Nambis aliandika habari ya mbuzi wawili, na Lameck akaandika ya mmoja. Kila mmoja aliona ni jambo dogo la kwake. Nyongeza mpya ya Samira iliziweka pamoja, ikatupa taarifa, na sisi tukaipeleka kwa wataalamu wa mifugo wa wilaya. Ilikuwa sotoka ya mbuzi na kondoo. Chanjo ilizifikia kata saba ndani ya siku kumi na moja. Nilipoandika ripoti nililiita jambo hilo ushindi. Mama Margwe aliirudisha na neno moja la wino: "Waliokufa?" Walikuwa mbuzi themanini na sita, na wamo kwenye ripoti, na sasa wamo humu pia.

Leo Kumbu ina nyongeza ishirini na tatu. Mbili tu ndizo zetu. Nyingine zimetoka Katesh, Babati, Singida, na moja kwa muuguzi ambaye hatujawahi kuonana naye uso kwa uso. Ile ya Mwalimu Xavery inasoma kwa Kiiraqw kwa sauti ya Xavery mwenyewe, na mama yake hulalamika kwamba mwanawe anasoma haraka mno. Yale maombi arobaini na moja ya ukutani yamebaki sita.

Jambo la mwisho alilolifanya kazini lilinihusu mimi. Mkuu wa kitengo ndiye mwenye kauli ya nyongeza ipi iingie na ipi ikataliwe, na Mkurugenzi alimwachia Mama Margwe apendekeze mrithi. Nimekaa naye miaka kumi na miwili. Watu walishaanza kunipongeza kwenye ngazi. Mwezi Septemba aliniita, akafunga mlango wa ofisi, akaniambia mwenyewe kabla sijasikia kwa wengine.

"Nimempendekeza Samira."

Nilimuuliza kwa nini, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Kwa sababu wewe, Tito, siku ya kwanza utakayopata hofu utaufunga mlango, na hautafunguka tena. Yeye ameshaogopa mpaka mwisho, akarudi kazini. Lakini anaamini watu haraka. Akae na mtu anayekagua kila kitu mara mbili. Huyo ni wewe, sina mwingine."

Niliondoka na uchungu, nikaubeba kwa siku nne. Siku ya tano nilisoma upya barua yake ya mwaka 2020 na ripoti yangu ya safari ya kwanza ya Getanuwas, ile niliyoandika kwamba hali imetulia. Nikaenda kumwambia kwamba amepima vizuri. Samira anaanza tarehe 2 Januari, nami nitakuwa msaidizi wake. Jana alinirudishia kazi yangu na orodha ya makosa manne ya chapa.

Mama Margwe anarudi Nambis kwa mumewe, Mzee Nikolausi, ambaye ameshamwandalia robo tatu ya eka ya vitunguu na ng'ombe wawili wa maziwa. Ana watoto watatu na wajukuu watano. Ametuomba tusimpigie simu kuhusu Kumbu kabla ya Aprili, halafu akatuuliza mara mbili kama namba yake ya simu tunayo.

Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi saa sita mchana, uwanja wa ofisi, Mbulu. Wakuu wa vitengo wafike kwa wakati, maana yeye atakuwa ameshafika.

Mama Margwe, tumejifunza kwako kuuliza mtu kabla ya kuandika habari zake, na kumweleza ukweli tunapokosea. Asante kwa subira yako kwetu, na kwangu hasa. Mungu akujalie afya, mvua ya kutosha Nambis, na siku ndefu za kukaa na watu wako. Nenda salama, mama yetu.

Tito Dahaye
Kitengo cha Kumbukumbu, Malisho Bora